Hiace ya 1/24 nataka iwe mathree (matatu) ya Nakuru–Kisumu, rangi imeniharibikia, nisaidieni

nax_msasa (Nakuru)

Wadau habari za jioni. Mimi niko Nakuru, Section 58, na hii mambo ya kuunda modeli za plastiki nimeanza tu juzi juzi kwa hivyo msinicheke sana. Binamu yangu alikuja likizo akaniletea boksi la Aoshima, Toyota Hiace ya skeli ya 1/24, yaani gari ya ukweli imepunguzwa mara 24, na raha yake ni kwamba ni gari ya Kijapani so usukani uko kulia kama zetu, sio zile za Marekani za 1/25 unaunganisha mpaka mwisho ndio unashtuka dere amekaa upande wa konda.

Plani yangu ilikuwa niifanye mathree kabisa, mstari wa manjano, keria juu, jina kwa kioo cha nyuma, kila kitu. Sasa sikiza maajabu. Nilienda duka fulani la rangi za magari hapa tao nikauziwa spray nyeupe, jamaa akaniapia ati inashika kila kitu mpaka bampa za plastiki. Nikapiga koti moja nzito, sikuweka praima (ile rangi ya chini ya kushikilia) sikuweka nini, nikaenda kunywa chai. Kurudi bodi imekunjamana, imejaa mistari mistari kama shamba la Kano wakati wa kiangazi. Halafu vioo nilikuwa nimebandika na supa glu, asubuhi yake nikapata vimeshika ukungu mweupe, ukichungulia unadhani kuna mtu anachemsha githeri huko ndani.

Naweza kuiokoa ama nitupe? Na kama inaokoka, paa refu kama la mathree zetu natengeneza na nini, na huo mstari wa manjano unalazwaje ukanyooka maana mkono wangu unatetemeka kidogo.

---

ja_kondele (Kisumu)

Pole omera, hiyo imetukuta sisi wote. Usitupe.

Bodi ya hizi modeli ni polistirini. Rangi ya gari ina thina kali, na ikigusa polistirini tupu inaanza kuila kabla haijakauka, na vile ulipiga nzito thina ilikaa pale muda mrefu ikiendelea kukula pole pole wewe ukikunywa chai. Bampa ya gari ni plastiki ya aina nyingine kabisa, huyo wa duka pengine hakukudanganya, alikuwa tu anafikiria gari ya ukweli.

Tafuta breki fluidi, DOT 3 ama DOT 4, usichukue DOT 5 hiyo ni ya silikoni haitakusaidia. Weka kwa chombo cha plastiki chenye kifuniko, chombo ambacho hakitawahi kurudi jikoni, zamisha bodi yote ilale humo usiku mzima. Asubuhi vaa glavu usugue na mswaki mzee. Rangi zingine ni kaidi, isipotoka yote rudisha ilale tena, na hata ukikasirika namna gani usikimbilie thina ya hardware, utabaki na uji. Hiyo fluidi usimwage kwa mtaro, rudisha kwa chupa utaitumia tena, na isidondokee gari ya mtu huko nje kwa sababu inatoa rangi ya gari pia. Mimi hilo nimelilipia, tuachie hapo.

Ikitoka osha na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Ile mistari iliyoingia ndani ya plastiki yenyewe haitaenda na fluidi, hapo ni msasa na maji, anza na 600 kisha 1000, pole pole, na ukaribie milango kwa adabu usifute ile mifereji ya kuonyesha mlango unaanzia wapi.

Ukianza tena: praima, nyepesi kama vumbi, koti ya kwanza plastiki ionekane bado. Ngoja. Ya pili. Ngoja. Na usiwahi kujaribu rangi mpya kwa bodi, jaribu kwa kijiko cha plastiki. Lakini kuna vijiko na vijiko, kikunje kwanza, kikikatika na mlio huo ndio polistirini, kikipinda tu kama mpira hicho hakitakuambia ukweli.

Kitu ingine ya sisi watu wa huku kwa ziwa, usipige spray jioni mvua ikikaribia. Hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi inakauka na utando mweupe kama maziwa imemwagika juu. Mimi hupiga kuanzia saa nne asubuhi na saa saba nimefunga kazi. Nakuru labda mko na afadhali.

---

toto_la_mjini

watu wazima na toi 😂😂

---

ja_kondele (Kisumu)

@toto_la_mjini wewe unashinda ukitazama watu ishirini na wawili wakifukuza mpira mmoja, tuache.

---

mwalimu_kk (Kakamega)

Jambo nax_msasa. Ja_kondele amemaliza ya rangi mimi niingie kwa vioo.

Ule ukungu ni mvuke wa supa glu yenyewe, ikikauka mahali pamefungika inatoa mvuke unakuja kushika kwa kitu safi kilicho karibu, na kioo ndicho cha kwanza. Kama haujaingia sana sugua na dawa ya meno nyeupe ya kawaida, ile ya jeli hapana, tumia kitambaa cha pamba na subira. Kikikataa kata kingine kutoka kwa plastiki ngumu ya vifurushi, ile inafunika betri ama mswaki dukani, na ubandike na gundi nyeupe ya mbao. Inakauka bila rangi, na ikimwagika unafuta na kitambaa chenye maji. Supa glu weka kwa chuma na mahali pa siri, kioo kisiijue.

Paa sasa. Kuna njia mbili nimefanya zote. Ya kwanza chonga paa kwa mti laini, umbo lenyewe unalotaka, lakini upunguze kidogo kwa sababu plastiki itaongeza unene. Halafu tafuta plastiki ya polistirini, geuza vikombe na mikebe ya chakula uangalie ile pembetatu chini, ikiwa na namba 6 ndiyo hiyo. Ishike juu ya jiko la makaa ambalo limeshatulia, moto usiguse, na dirisha liwe wazi. Ikianza kulegea ivute juu ya mti mara moja. Utaharibu mbili tatu. Mimi niliharibu saba na bibi akaniuliza kama nimeacha kazi ya shule.

Ya pili ni filla ya gari na hadena yake, ile ya watu wa paneli bita. Inashika polistirini vizuri sana ukiikwaruza kwanza na msasa. Lakini usijaze yote mara moja. Ikikauka inatoa joto, ukiweka rundo kubwa joto hilo linapindisha plastiki nyembamba ya chini. Weka tabaka, ikauke, msasa, tabaka ingine. Kwa mtu anayeanza ningesema hii ya pili, inasamehe.

Keria usinunue. Zile fremu za plastiki vipande vilikuwa vimeshikana nazo, usitupe, pasha moto katikati juu ya mshumaa mpaka ing'ae kidogo, toa kwa moto ndio uvute. Inakuwa waya mwembamba ulionyooka kabisa, ukivuta haraka inakuwa nyembamba zaidi. Ariali pia hutoka hapo.

Na vyuma vya krom vya boksi kama hupendi vile vinang'aa kama sahani za harusi, loweka kwa Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, krom inatoka kwa dakika chache. Jik peke yake, usichanganye na dawa ingine yoyote.

---

dere_wa_ukweli

Mimi sijui mambo ya polistirini lakini naendesha hiyo gari yenyewe, Nakuru Kisumu kupitia Kericho, na nimesoma hapa nikashindwa kunyamaza. Kwanza mstari unazunguka pande zote mbili na nyuma, usifanye upande mmoja tu ati kwa sababu ya picha. Nimetoka nje saa hii nikapima wa yangu na futi kamba, sentimita 15. Mtoe hesabu nyinyi.

Pili mlango wa kuslaidi uko kushoto na huo mlango haujawahi kukaa safi hata siku moja, hapo karibu na mkono wa konda rangi imeisha kabisa. Ukiiweka mpya mpya yote hakuna dere atakuamini. Na ile namba ya nyuma ni ya manjano, ya mbele nyeupe, yangu bado ni zile za zamani.

Hiyo kitu inauzwa pesa ngapi kwani?

---

ja_kondele (Kisumu)

Asante dere, sentimita 15 gawa na 24 ni kama milimita 6 na kitu. Hiace ya kawaida ni mita 4.695, kwa skeli hiyo inakuja sentimita 19 na nusu hivi, so mstari wa milimita 6 utaonekana sawa kabisa.

Nax, piga manjano kwanza, juu ya nyeupe. Manjano ni rangi dhaifu, juu ya bluu ama nyeusi itakuwa kijani cha ugonjwa. Ikikauka, hata siku mbili, funika na masking tepu ya milimita 6 halafu ndio upige rangi kuu ya bodi juu yote. Kabla ya kuibandika kata kando za tepu upya na wembe juu ya kipande cha kioo, maana kando za dukani huwa na vumbi na ndio zinaleta mistari ya meno meno. Kabla ya rangi mpya piga tena manjano kidogo juu ya kando za tepu, kama kuna mwanya rangi ile ile inaziba. Mkono utetemeke vile unataka, tepu haitetemeki.

---

printa_moja (Bungoma)

Ya jina la kioo cha nyuma: kuna karatasi ya dekali (stika ya maji), unaprinti, unaloweka kwa maji picha inateleza kutoka kwa karatasi. Ukienda saiba uliza kwanza printa yao ni ya wino ama leza, karatasi ni tofauti na ukiweka ya wino kwa leza unaweza kuyeyusha kitu ndani na mtagombana. Ya wino lazima upulizie kliya (vanishi isiyo na rangi) juu kabla ya maji ama wino wote unaenda. Pia printa haziprinti nyeupe, so picha ya mchezaji juu ya bodi nyeusi itapotea, nunua karatasi nyeupe.

---

nax_msasa (Nakuru)

Wadau nimerudi, wiki mbili zimepita. Rangi ilitoka usiku wa pili. Bodi imebaki na alama kidogo kwa bonneti lakini hapo nitaweka stika ya sacco (chama cha wenye mathree) iifunike. Vijiko nimemaliza pakiti nzima, mama anadhani nauza aiskrimu. Mstari umenyooka, nimeutazama leo kama mara arobaini. Paa nimefanya na filla, kwa taa linaonekana na kibonde kimoja nyuma.

Sasa nataka kuweka matope chini ya bodi na kwa magurudumu. Naweza tumia mchanga wa hapa nyumbani?

---

mwalimu_kk (Kakamega)

Unaweza lakini usage na uchuje kwa soksi ya nailoni mara mbili, punje moja ya mchanga kwa skeli hiyo ni jiwe la kutega gurudumu. Changanya na gundi nyeupe na maji. Na fikiria gari imetoka wapi. Ikiwa ni ya Kakamega ni udongo mwekundu, ikiwa imepita Ahero kwenye mvua ni ule mweusi wa pamba, unashika kama lami na ukikauka unakuwa kijivu. Mimi nikimaliza Datsun 240Z yangu ya Hasegawa, ile ya Herrmann na Schüller walioshinda mbio za magari za Safari 1971, niliweka nyekundu tupu na mzee mmoja hapa akaniambia hiyo gari yako haijawahi kuondoka Kakamega.

---

dere_wa_ukweli

Wewe weka zote mbili, nyekundu chini nyeusi juu. Nikitoka Kericho nikifika Awasi ndio hivyo. Na jina umeamua?

---

nax_msasa (Nakuru)

Bado. Nilikuwa nataka kuandika "Pole Pole" lakini hakuna mathree ya hii barabara inaitwa hivyo.

---

dere_wa_ukweli

Hiyo gari haina injini kaka, andika tu.