Goti: nikatwe kano ya mbele au ya nyuma ya paja? Nasali, tena navua dagaa

Beki wa Ujiji: Wakuu, habari za leo. Nina miaka 27, nacheza timu ya mtaa. Mwezi wa nne huu tangu niruke kupiga kichwa nikatua vibaya, nikasikia "ta!" ndani ya goti. Jioni likavimba kama boga. Nikachuliwa na mzee mmoja wiki tatu nzima, maumivu yakaisha ila goti likawa linachomoka nikigeuka. Kipimo cha MRI kinasema ACL, ile kano ya ndani ya goti inayolizuia lisichomoke, imekatika yote.

Daktari wa mifupa atanitengenezea ACL mpya kwa kano ya kwingine, kanipa hiari: achukue kano ya chini ya kifuniko cha goti pamoja na vipande vya mfupa, au kano mbili za nyuma ya paja. Mimi ni mtu wa swala tano, na usiku ziwani nipo magotini ndani ya boti. Aliyepitia anisaidie.

Mzee wa Mwanga: Mimi nilikatwa ya mbele. Goti gumu kama mti wa mninga, mpira nacheza. Ila sijda, ndugu yangu! Mwaka wa tatu sasa, ni kama napigia goti kwenye kokoto. Nasalia kwenye kiti na watoto wa madrasa wananiita babu.

Kaka Fizio: Hii ndiyo kazi yangu. Ya mbele ina sifa yake: mfupa unaungana na mfupa, wiki 6 hadi 8 umeshika, wakati kano tupu huchukua kama 8 hadi 12. Kwa vijana wa mpira hukatika tena mara chache kidogo. Gharama yake ndiyo hiyo ya Mzee wa Mwanga. Ya nyuma ya paja haisumbui sana kupiga goti, ila nguvu ya kukunja goti hupungua. Muulize pia kano ya juu ya kifuniko, ya msuli wa paja la mbele; maumivu ya kupiga goti huwa kidogo. Kano iliyotolewa kwa marehemu usiitake, kwa umri wako hukatika zaidi. Na uulize ipi mkono wake umeizoea.

Dada Kasulu: Mpira wa mtaa una mshahara? Binamu yangu hajapasuliwa, alikomaa na mazoezi, analima bila shida.

Kaka Fizio: Dada, inawezekana, ila goti la Beki linachomoka. Na boti nayo haitulii.

Mwana Reli: Ukipasuliwa Dar, usipande treni ya kurudi siku ya pili. Safari ndefu na mguu uliovimba, damu inaweza kuganda.

Beki wa Ujiji: Mrejesho. Nilikwenda nimeshachagua ya nyuma. Daktari hata hakunisikiliza, akanilaza kitandani: "Nyoosha goti." Halikunyooka lote. Kasema akipasua hivi litakakamaa, kaniandikia wiki sita za mazoezi kwanza. Kisigino juu ya mto, goti linaning'inia, dakika kumi. Kaka Fizio, hili la mto linauma hivi kwa kila mtu?

Kaka Fizio: Kwa kila mtu.