Kipande na kitambulisho: tunaposema tuko huru, huwa tunamaanisha nini?

Mjukuu wa Makadara

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri. Wiki iliyopita nilimsindikiza nyanya yangu benki, na alipofika dirishani akaanza kupekua mkoba wake akisema, "Ngoja nitoe kipande." Kijana aliyekuwa akimhudumia hakulielewa neno hilo, ikabidi nimweleze kwamba ni kitambulisho. Tulipokuwa kwenye matatu tukirudi kwa Barabara ya Jogoo nilimuuliza kwa nini bado analitumia, ilhali kipande chenyewe, kile ambacho wakoloni waliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kukifunga shingoni ndani ya kijaluba cha bati, kilifutwa mwaka 1947. Alinijibu kwamba babake alikivaa, kwamba mwajiri asipokitia sahihi mtu hakuweza kuandikwa kazi kwingine, na kwamba kwa kuwa hata leo askari akikusimamisha usiku huanza kwa kudai hicho hicho, yeye haoni sababu ya kukibadilisha jina.

Tangu siku hiyo neno uhuru limenikaa vibaya. Tarehe nazijua: Madaraka tarehe 1 Juni 1963, bendera tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, Jamhuri mwaka mmoja baadaye. Ninachouliza ni hiki: baada ya zaidi ya miaka 60, ni kitu gani hasa alicho nacho mwananchi wa kawaida ambacho wazee wetu walinyimwa? Naomba tusijibizane kwa lawama za vyama, maana hizo tumezisikia za kutosha.

Mzee wa Bahati

Mjukuu, natangulia kukujibu kwa sababu huenda mimi ndiye mkubwa kuliko wote hapa. Nilikuwa na umri wa miaka saba tarehe 24 Aprili 1954, siku ambayo majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi yakaanza kutukusanya, sisi Wakikuyu pamoja na Waembu na Wameru, mtaa kwa mtaa. Wanaume waliketishwa chini kwa safu, mikono kichwani, kisha wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Tulimwita gakunia. Hakusema neno; akitikisa kichwa, unapanda lori. Baba alipanda akiwa miguu mitupu kwa kuwa viatu vyake vilikuwa kwa fundi, na alirudi kutoka kambi ya kizuizi ya Manyani mwaka 1957. Mama alikuwa amevikomboa viatu vile na kuviweka chini ya kitanda miaka yote mitatu, lakini miguu iliyorudi haikuingia tena humo.

Usiku wa tarehe 11 Desemba 1963 tulitembea, baba na mimi, kutoka Bahati hadi uwanja wa Lang'ata uliokuja kuitwa Bustani ya Uhuru. Tulifika tumejaa matope hadi magotini, na njia nzima hakuna askari aliyetuuliza pasi. Sikatai kwamba mengi yaliharibika baadaye, na baadhi yake nimeyaona kwa macho yangu. Ila mtu akiniambia kwamba hakuna kilichobadilika, najua kwamba huyo hakuwahi kusimamishwa mbele ya gakunia.

Wakili wa Ngara

Shikamoo, mzee. Sitathubutu kuupunguza usiku ule wako. Hata hivyo nadhani swali la mjukuu linagusa jambo jingine, nalo ni kwamba nyumba ilipata mwenyewe mpya lakini kufuli hazikubadilishwa.

Chukua mwaka 1950. Mwaka huo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Mau Mau, na mwaka huohuo ikatunga sheria ya utulivu wa umma iliyowapa polisi mamlaka juu ya mikutano ya Waafrika. Marufuku ile iliondolewa mwaka 2003. Kwa miaka mingi, basi, Nairobi ilikuwa na mtaa uitwao Kimathi, kwa jina la kiongozi wa Mau Mau, katikati ya jiji, huku kundi alilolipigania hadi akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 likiwa bado haramu katika vitabu vyetu wenyewe. Sanamu yake nayo ilisubiri hadi mwaka 2007. Sheria ile ya pili bado ipo, ingawa imerekebishwa: anayetaka kuitisha mkutano wa hadhara au maandamano anatakiwa kuwaarifu polisi kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha, na aghalabu taarifa ile hugeuzwa njiani ikawa ombi la ruhusa. Waliokwenda uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi waliyajua hayo kwa virungu, na vijana walioandamana Juni 2024 wameyajua kwa risasi.

Kwa hiyo jibu langu ni la kiwakili na huenda likawachosha wengine: nchi huru ni ile ambayo raia haombi kile ambacho tayari ni chake.

Mpangaji wa Umoja

Mmesahau ardhi. Ule mpango wa ekari milioni moja, wa kuwapa Waafrika mashamba ya walowezi wakati wa uhuru, haukuturudishia mashamba, ulituuzia. Mlowezi alilipwa fedha zake taslimu kutokana na mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, akaenda zake, na babu akabaki Kinangop akilipa deni la ardhi ambayo wazee wake walikuwa na madai nayo. Alifariki kabla ya kulimaliza. Sina la kuongeza.

Binti Amu

Nawasalimu nyote kutoka Eastleigh, ingawa kwetu ni Lamu. Naomba tulitazame neno lenyewe, kwa sababu nahisi ndilo linalotuchanganya. Kwetu pwani, mtu ambaye hakuwahi kuwa mtumwa hakutajwa kwa uhuru wake, aliitwa mwungwana. Aliyetajwa kuwa huru, mara nyingi, ni yule aliyekuwa mtumwa kisha bwana wake akamwacha huru, na kuachwa huko hakukumfanya mwungwana. Alibaki akijulikana kuwa huru wa fulani, asiye na shamba wala ukoo wa kumsemea. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini nyanya zangu wakizungumzia posa waliendelea kuulizana habari hizo, tena kwa sauti ya chini.

Nikiwasoma, naona mzee anazungumzia kuachwa huru, na ni jambo kubwa ambalo halina mfano. Wakili na mpangaji wanadai uungwana, yaani kuwa na chako na neno lako kusikilizwa bila kuombewa. Haya mawili si kitu kimoja, na mwaka 1963 tulipata la kwanza tukadhani la pili limo ndani yake. (Wasomi wa lugha mtanisahihisha, mimi ni muuza nguo.)

Mjukuu wa Makadara

Nimewashukuru sana, na jana jioni nilimsomea nyanya majibu yote. Ya mzee wa Bahati aliniambia niyarudie. Kwa wakili aliguna tu. Dada wa Lamu alimfurahisha, lakini ndipo akanikosoa mimi, akasema swali langu lilikuwa na kasoro tangu mwanzo kwa kuwa niliuliza kuhusu wanaume.

Sikujua kwamba wanawake wa nchi hii walianza kuandikishwa na kupewa vitambulisho baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978, miaka 15 baada ya bendera kupandishwa. Yeye alipata chake mwaka uliofuata. Kabla ya hapo fedha za mboga alizouza Gikomba ziliwekwa katika kitabu cha akiba cha babu, na alipozihitaji alimwomba. Siku aliyokabidhiwa kipande, kwa maana neno ndilo hilo na halibadilishi, alitoka nacho moja kwa moja hadi posta. Kitabu alichoandikiwa siku ile bado anacho, kimefungwa kwenye leso pamoja na cheti cha ndoa. Alinionyesha ukurasa wa kwanza: jina lake peke yake, na shilingi 40.