Grisi gani kwenye koili? Kikundi cha Majirani Wetu

Mama Zai: Za asubuhi majirani. Vitz yangu jana nimeipeleka kuoshwa, wakapiga presha mpaka kwenye injini. Leo inatetemeka kama ina homa, na taa ya injini inapepesa.

Dulla: Pole shem. Hiyo inamisi, silinda hazichomi zote. Maji yameingia kwenye koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi.

Baba Junior: Chomoa koili, kausha, paka grisi kidogo, rudishia. Kazi ndogo.

Mama Zai: Grisi ipi? Ipo ile nyekundu ya beringi, aliibakiza fundi wa magurudumu.

Fundi Mudi: Usipake hiyo mama 🙏

Fundi Mudi: Na gari usiitoe hapo. Taa ikipepesa hivyo, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye sega la ekzosi, lile la kusafisha moshi. Sega ni ghali kuliko koili zote nne.

Mama Zai: Sitoki. Ila hiyo grisi ina ubaya gani?

Fundi Mudi: Inatokana na mafuta ghafi. Mpira wa koili, ule unaovalia plagi, ukilowa nayo unavimba, unalegea, mwisho unachanika. Mwezi mmoja wa mwanzo utaona imekubali.

Baba Junior: Basi Vaseline. Marehemu baba alipaka kwenye betri miaka yote.

Fundi Mudi: Kwenye vichwa vya betri sawa kabisa, inazuia ule ukungu wa kutu. Kwenye koili hapana, nayo ni ukoo uleule. Halafu kule chini injini ikishika moto ni nyuzi 90 na ushee, Vaseline inakuwa maji.

Mzee Kibwana: Sisi kwenye Corolla za zamani za distribyuta, ile iliyogawa umeme kwa plagi zote, masika yakianza unatembea na kitambaa kikavu. Gari likizima Jangwani unafungua kofia ya distribyuta, unafuta ndani, safari inaendelea.

Dulla: Mzee siku hizi Jangwani ikijaa hata hufiki, barabara inafungwa 😂

Katibu Mtaa: Samahani kuingilia. Gari la taka linapita kesho alfajiri. Tusitoe mifuko usiku, mbwa wanachana.

Mama Zai: Sawa katibu. Fundi, sasa nipake nini?

Fundi Mudi: Grisi ya silikoni. Mrija unaandikwa Dielectric Grease. Permatex wanayo, Molykote 4 nayo ni ya kazi hiyo. Maduka ya spea Kariakoo utapata, chukua mrija mdogo tu.

Mama Zai: Hiyo ndiyo inasaidia umeme upite vizuri?

Fundi Mudi: Hapana, yenyewe haipitishi umeme kabisa, na ndiyo maana tunaitaka. Koili inatoa volti 20,000 na kupanda. Ukiwepo unyevu kati ya mpira na ile kaure nyeupe ya plagi, umeme unateremka kwa nje mpaka kwenye bodi ya injini. Cheche kule ndani haipigi, ndiyo huko kumisi. Grisi inaziba huo upenyo.

Fundi Mudi: Paka ndani ya mdomo wa mpira, utando mwembamba, zungusha kwa kijiti. Springi ya koili na kichwa cha plagi viache vikavu, chuma kiguse chuma.

Dulla: Na ile grisi ya shaba wanayopaka kwenye nyuzi za plagi, pale inapofungiwa?

Fundi Mudi: Ile ina chembe za shaba. Ukiiweka kwenye mpira umeujengea umeme barabara. Hata kwenye nyuzi, NGK wanasema plagi zao hazihitaji. Nyuzi zikiteleza unakaza kupita kiasi.

Baba Junior: Mimi nina silikoni nusu mrija, ile ya kuzibia gasketi. Si silikoni zote ni ndugu?

Fundi Mudi: Hiyo ni gundi, baba! Inaganda. Siku ya kuchomoa, koili inatoka vipande. Na zile zinazonuka siki zinakula chuma.

Mama Zai: 📷 Tumefungua na Dulla. Shimo la kwanza na la pili maji. La tatu mafuta meusi mpaka juu. Plagi bado hatujagusa.

Fundi Mudi: Vizuri, msiguse. Puliza mashimo kwa upepo kwanza, plagi ikitoka sasa hivi uchafu wote unaangukia silinda. Hayo mafuta hayatoki kwa muosha gari, sili ya shimo chini ya kava la juu ya injini imechoka. Hapo grisi haisaidii, na hiyo koili nayo mpira umeshalainika.

Dulla: Fundi, huu wa pili kwa ndani una mstari mweusi mwembamba kama wa kalamu. Nikiufuta hautoki.

Fundi Mudi: Umeme umeshapita hapo, umeacha kaboni. Utaendelea kupita hapohapo hata umwage mrija mzima. Badilisha mpira, na kama kaure ina mstari wa aina hiyo, plagi pia.

Mama Zai: Kwa hiyo grisi, mipira miwili, plagi, na sili za kava?

Fundi Mudi: Na gasketi ya kava, kwa kuwa tunaifungua. Nipigie picha namba ya injini, nipite Kariakoo kabla ya adhuhuri.

Baba Junior: Nichukulie na mimi mrija mmoja.