Analala Dodoma, anafanya kazi Manyoni: kosa liko wapi?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikera tangu juzi. Kikaoni tumeambiwa mwezi huu usiishe kabla kila mtumishi hajahamia ndani ya halmashauri anayofanyia kazi, na atakayebaki nje aandike barua ya kujieleza.

Mimi ni mwalimu. Shule iko tarafa ya Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Naishi Kizota, Dodoma mjini. Mume wangu anafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, watoto wanasoma hapa mjini. Tuko walimu wanne na nesi mmoja, tunapanda Noah moja saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa moja na robo nimeshasaini daftari. Huu mwaka wa tatu. Kuchelewa nimechelewa mara mbili, na moja ilikuwa pancha. Uhamisho wa kumfuata mwenza nimeuomba kwenye ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, mpaka nywila naikumbuka kuliko namba ya simu ya mama.

Sasa naomba kuuliza, mpaka wa mkoa una nini? Mwenzangu anayefundisha Bahi, wilaya ya mkoa huu huu wa Dodoma, analala mjini na hakuna anayemgusa. Mimi nikivuka tu Bahi nimekuwa mtoro. Halafu tuseme ukweli, Kintinku yenyewe saa mbili usiku hata fungu la mchicha hupati.

Kanuni Ni Kanuni:
Mwalimu, hapa hoja haipo kwenye mkoa. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, zile za 2009, zinataka mtumishi akitoka nje ya kituo chake awe na ruhusa. Namba ya kifungu imenitoka, kitabu nilimwachia aliyenipokea ofisi. Huyo wa Bahi naye ana kosa, ila yeye hajajitangaza.

Nimekuwa mkuu wa shule miaka kumi na minne, walimu wa Noah nawajua. Saa nane mchana mkono mmoja una chaki, mwingine una begi. Na hilo la "mume wangu yuko Mtumba", wengine huwa ni pazia tu. Nyuma ya pazia kuna mengine.

Binti Saranda:
Nimesoma yote kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye mchicha. Dada, miaka mitatu unakula mshahara kwa jina la Kintinku, na bado hujajua kwamba huku mboga haisubiri saa mbili usiku kwa sababu watu wana bustani? Mlenda mkavu uko kila nyumba. Hukupata mchicha kwa kuwa saa mbili usiku hujawahi kuwepo.

Zabibu Kavu:
😂😂 Hapo kwenye "hujawahi kuwepo" mwalimu amepigwa bakora.

Mzazi wa Lusilile:
Naomba niseme kama mzazi, maana wote mnaosema hapa ni watumishi. Saa moja na robo mwalimu kufika ni sawa, simlaumu. Kwetu shida inaanza saa tisa. Mwanangu yuko darasa la saba. Wenzao wa mjini wana masomo ya jioni, hawa wetu gari likipiga honi barabarani somo limekwisha, hata kama ni katikati ya hesabu za sehemu. Mwaka jana mtoto alianguka kwenye mwembe wa shule saa kumi jioni, tukatafuta mwalimu wa zamu, tukamkuta mlinzi. Huyo nesi wa kwenye Noah naye alikuwa ameshaondoka. Hili la usiku na jioni mnalijibuje?

Chaki Nyeupe:
Kanuni Ni Kanuni, naomba ufute hayo maneno ya pazia. Nina ndoa ya kanisani na watoto watatu. Mnaona mwanamke anasafiri mnadhani anakimbilia kitu. Mwanaume akilala Dodoma anaambiwa anatafuta maisha, mimi nikilala kitandani kwangu naambiwa kuna mengine! Na hiyo miaka kumi na minne ya ukuu wa shule, ungeuliza walimu wako walivyokuwa wanakusema ukishageuka.

Kanuni Ni Kanuni:
Sikukutaja jina. Aliyejiona ndani ya maneno ajiulize mwenyewe.

Zabibu Kavu:
Mkuu wa shule mstaafu, hiyo sasa si kanuni, ni taarabu.

Turudi kwenye mada. Mimi naona mnapoteza muda. Dodoma ni jiji tangu 2016, serikali yote iko hapa, mji unatanuka, miaka kumi ijayo Kintinku itakuwa kitongoji chetu. Reli ya SGR imejengwa mpaka Makutupora, hapo hapo kwenye JKT na visima vya maji. Ikisogezwa Manyoni mwalimu atapanda treni saa kumi na mbili akiwa na chai mkononi. Watu wa Singida badala ya kufoka mshukuru mji unawafuata.

Binti Saranda:
Hapo umegusa pabaya. Makutupora ya SGR iko MANYONI, mkoa wa SINGIDA. Ukitoka Bahi unapita Kintinku, kisha Makutupora, ndipo Saranda. Hiyo yako ya JKT na visima iko kaskazini ya mji wenu, treni haijawahi kufika wala haitafika. Kipande cha reli cha Morogoro hadi Makutupora, kilomita 422 ukihesabu na njia za kupishania, kinaishia kwetu. Sasa nani anamfuata nani?

Zabibu Kavu:
Subiri kwanza. Makutupora si ndiko kunakotoka maji ya mji? Mzakwe?

Binti Saranda:
Ndiyo, Mzakwe. Ni Makutupora NYINGINE. Jina moja, mahali pawili. Kama Chalinze ya Pwani na ile Chalinze Nyama yenu ya njia ya Morogoro. Kuna mtu alishawahi kushuka Chalinze Nyama akidhani anaunganisha basi la Tanga?

Konda Mstaafu:
Yupo. Nilikuwa konda, nilimshusha mwenyewe. Alikuwa amelala, akasikia "Chalinze" akaruka na begi lake. Tukafika mbele abiria mwenzake ananiuliza, yule dada si alikuwa anaenda Korogwe? Dereva hakukubali kugeuza. Mpaka leo nikipita hapo nikinusa nyama choma namkumbuka.

Zabibu Kavu:
😂 Haya, Makutupora nimekubali, nilichanganya. Lakini abiria wa SGR wote wanashukia Dodoma. Reli mnayo, treni hamna. Ni kama mtu mwenye jiko la gesi bila mtungi.

Binti Saranda:
Na nyie mna jiji bila maji. Mgao wa wiki, ndoo zimepangwa barazani kama foleni ya sensa. Bwawa la Farkwa tunalisikia tangu niko shule. Na hayo maji ya Ziwa Victoria mnayoahidiwa yatapitia wapi? Singida. Mtakunywa yaliyopita kwetu.

Mjukuu wa Jimbo la Kati:
Vijana, shikamooni nawadai, maana hamsalimu.

Kwanza, Zabibu, tarehe zako zirekebishe. 2016 ni mwaka Magufuli alipotangaza serikali ihamie. Jiji ni tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano. Uamuzi wa makao makuu ni wa TANU, 1973.

Pili, huo mpaka mnaogombania ni wa juzi tu. Enzi za mkoloni lote hili lilikuwa Jimbo la Kati, Dodoma, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, Singida mpaka Iramba, na mkubwa wa jimbo alikaa Dodoma. Singida kuwa mkoa wake ni baada ya Uhuru. Marehemu babu yangu alikuwa na ng'ombe Kintinku na jaruba la mpunga Bahi. Alikuwa analala upande ambao mvua imemkutia. Hakuna aliyemwandikia barua ya kujieleza. Wagogo wa Bahi na wa Kintinku wanazikana, wanaoleana, wanakopeshana mbegu. Mpaka ni wa karatasi.

Kanuni Ni Kanuni:
Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, babu yako hakuwa ameajiriwa na halmashauri.

Mjukuu wa Jimbo la Kati:
Marahaba. Hakuwa ameajiriwa, na kodi ya kichwa alilipa. Nyie mnalipwa, na bado mnalalamika.

Ijumaa Saa Kumi:
Mimi natoka Mtumba, nijaribu kuwa mkweli. Tangu treni ya Dar na Dodoma ianze Julai 2024, njoo stesheni Ijumaa jioni uone. Wanaodaiwa "kuhamia" makao makuu wamebeba mabegi madogo, wanarudi kwa familia zao Mbezi na Tegeta. Nauli ilianza na 31,000, mtu analipa huku anatabasamu. Jumatatu asubuhi wanarudi na vitafunwa vya Dar. Hao hawajaambiwa waandike barua. Sasa mwalimu anayelala kwake kila siku na kuingia kazini kila siku ndiye anakuwa tatizo la taifa? Wale wanavuka Pwani na Morogoro, huyu anavuka mkoa mmoja tu jirani!

Nyongeza kidogo, mimi mwenyewe ni wa Ijumaa. Msinitafute.

Kanuni Ni Kanuni:
Kosa la mwingine halisafishi lako. Na wewe jiandikie barua.

Binti Saranda:
Kuna jambo hamlisemi, la pesa. Mshahara unapangiwa Manyoni. Kodi ya nyumba inalipwa Kizota, unga unanunuliwa Dodoma, ada ya watoto Dodoma, mpaka kusuka nywele Dodoma. Kintinku inabaki na vumbi la Noah. Mama anayepika maandazi pale shuleni anauza kwa wanafunzi tu, walimu wanakuja na chapati zao kwenye hotipoti. Halafu mnasema mji hauna kitu. Utakuwaje na kitu?

Zabibu Kavu:
Mshahara unatoka Hazina, na Hazina iko Dodoma. Pesa inarudi nyumbani, tatizo nini?

Binti Saranda:
Wewe una majibu ya mtu asiye na kazi.

Zabibu Kavu:
Nina kazi dada. Nauza zabibu.

Binti Saranda:
Kavu.

Konda Mstaafu:
😂😂😂

Mzazi wa Lusilile:
Naona mmeshafika kwenye zabibu. Niliuliza swali la jioni. Hata mmoja hajajibu.

Chaki Nyeupe:
Mzazi, samahani, nilikuwa nimekasirika nikakupita. Nijibu. Ni kweli gari likipiga honi tunaondoka, tukiliacha hilo tunasimama barabarani mpaka usiku tukipungia malori mkono. Masomo ya jioni tulijaribu kupanga zamu, wawili wabaki wiki hii, wawili wiki ijayo. Nilikaa wiki mbili. Nyumba ya mwalimu ipo moja, anakaa mwalimu mkuu na familia yake. Nililala chumba cha nyuma ya duka, mlango wa bati, popo wanazunguka darini usiku kucha, na choo ni cha wateja wa duka. Siku ya tatu mwanangu wa mwisho akapata homa Dodoma, nikawa naelekezwa dozi kwa simu huku mtandao unakatika. Usiku ule ndio niliokosa mchicha. Kwa hiyo Binti Saranda, kuwepo nimewahi kuwepo.

Huyo mtoto wa mwembe namkumbuka. Sina jibu la huyo.

Mzazi wa Lusilile:
Mkono uliunga vizuri. Asante kwa kujibu.

Kanuni Ni Kanuni:
Mwalimu angeanza na maelezo haya tangu mwanzo, tusingefika huku. Chumba cha nyuma ya duka si makazi ya mtumishi, na mimi enzi zangu nililisema hilo vikaoni mpaka nikaonekana mkorofi. Lakini barua lazima uandike. Iandike vizuri, eleza nyumba iko moja, ambatisha ombi lako la uhamisho lenye tarehe. Usiandike habari za mchicha.

Binti Saranda:
Dada, ule wa nyuma ya duka naujua mlango wake. Pole. Ila ungegonga nyumba yoyote ungepewa mboga, tena bila kulipa. Hukugonga.

Chaki Nyeupe:
Saa mbili usiku, mgeni, na kandambili za bafuni? Nigonge kwa nani?

Binti Saranda:
Kwa mama yangu. Nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga, yenye mpapai.

Zabibu Kavu:
Kwa hiyo Singida ina nyumba za kulala wageni lakini hazina kibao. Tumeelewa.

Mjukuu wa Jimbo la Kati:
Yenye mpapai? Ya mama mmoja hivi mrefu, zamani alikuwa anauza karanga stesheni treni ikisimama? Binti, wewe ni mjukuu wangu kabisa. Mbona unagombana na watu?

Binti Saranda:
Shikamoo babu 🙈 Sikujua uko humu.

Mjukuu wa Jimbo la Kati:
Marahaba. Mwambie mama yako ile mbegu ya uwele niliyomkopesha mwaka juzi bado sijaiona.

Ijumaa Saa Kumi:
Tulianza na halmashauri, tumeishia kwenye madeni ya uwele.

Konda Mstaafu:
Mwalimu Chaki na wenzako wa Kizota, kabla sijalala. Yule kijana mwenye Noah ni mpwa wangu, kanipigia sasa hivi. Sanduku la gia limegoma, kesho saa kumi na moja na nusu gari halipo. Mjipange.

Chaki Nyeupe:
Konda! Unasema sasa hivi saa nne usiku? Na kesho niko zamu!