Naomba ushauri: wanafunzi wa chuo kuwahimiza vijana wa sekondari

Habari zenu wadau. Tunaandaa wanafunzi wa chuo wanaojitolea kuwahimiza vijana wa sekondari waendelee na masomo ya juu. Kila mmoja atalea kikundi cha vijana 6 hadi 8, saa moja kwa wiki. Hotuba ya ukumbini haitoshi: makofi yanapigwa, fomu hazijazwi.

Wengi hawakwami kwa kukosa hamu. Jina la cheti cha kuzaliwa linatofautiana herufi moja na la cheti cha shule, maombi yanakataliwa, na marekebisho huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana kikao cha kwanza ni kukagua vyeti, herufi kwa herufi. Baadaye sifa za kozi, kisha fomu na ufadhili.

Tunapokwama: wanaojitolea huadimika mitihani yao ikikaribia, na kijana akiachwa katikati ya maombi hukata tamaa kabisa. Tuwapange wawili wawili kwa kila kikundi, au tuanze muhula mmoja mapema? Na mzazi anayetaka mtoto aanze kazi mara moja, aongee naye nani: mwanafunzi wa chuo au mwalimu? Naombeni mawazo yenu, hasa mliowahi kusimamia kazi hii.