Vitufe vya usukani wa Rehema: gumzo la kikundi cha ukoo

Rehema: Assalamu alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote. Naomba ushauri kuhusu gari langu. Vitufe vya kwenye usukani, vile vya kuongeza na kupunguza sauti, kubadilisha wimbo na kupokea simu, haviitikii tena. Redio yenyewe inafanya kazi vizuri nikiigusa kwenye skrini. Fundi mmoja wa hapa mtaani amenishauri ninunue redio nyingine, lakini sijaridhika, kwa sababu hakupima kitu chochote kabla ya kunipa jibu hilo.

Baba Mdogo: Waalaykum salaam, mwanangu. Kabla ya kufikiria redio, vitazame vitufe vyenyewe. Kwenye gari langu soda ilimwagikia usukani, na tangu hapo kitufe cha sauti kikawa kinanata, mara kinaitikia, mara hakiitikii. Kilifunguliwa, kikasafishwa, kikarudi katika hali yake.

Salum: Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo dada. Mimi nina tatizo hilo hilo. Tangu nilipobadilisha redio ya Kijapani iliyokuja na gari na kufungiwa hii ya Android, vitufe vyangu havijafanya kazi hata mara moja. Nadhani dada naye aingie kwenye mipangilio ya redio.

Mjomba Athumani: Marahaba wanangu. Rehema, usinunue redio wala kifaa kingine chochote mpaka unijibu kwanza. Je, honi inalia, na inalia pia unapokata usukani hadi mwisho kulia na kushoto? Je, kwenye dashibodi kuna taa nyekundu yenye mchoro wa mtu aliyeketi na duara mbele yake, na inabaki inawaka gari likiwa linatembea? Je, vitufe hivyo viliwahi kufanya kazi na redio hii uliyonayo sasa? Na je, vilikufa vyote kwa pamoja au kimoja kimoja?

Rehema: Shikamoo Mjomba. Vilikuwa vinafanya kazi vizuri na redio hii hii, hakuna aliyeigusa. Vilianza kwa kukatika na kurudi: nikiwa nimekata usukani ili kutoka getini viliitikia, nikinyoosha barabarani vinakufa, na sasa havirudi kabisa. Honi jana ilikataa kulia nilipoihitaji pale Buguruni, nikadhani sikuibonyeza vizuri. Taa hiyo nyekundu ipo na haizimiki. Fundi aliniambia ni sensa tu, nisiijali.

Mjomba Athumani: Basi redio haina hatia, mwanangu, na taa hiyo uijali sana. Vitufe, honi na mfuko wa hewa, yaani ule unaofumuka kutoka usukanini ajali ikitokea, ni vitu vitatu visivyohusiana kwa kazi, lakini umeme wa vyote vitatu unapita njia moja ili kufika kwenye usukani unaozunguka. Njia hiyo ni kebo ya spairo, ambayo mafundi wengine huiita kloki springi. Ndani ya kasha lake la plastiki, nyuma ya usukani, kuna utepe mwembamba wenye njia kadhaa za shaba, umeviringwa kama futi ya fundi cherehani ndani ya kikopo chake. Ukikata usukani upande mmoja utepe unajikaza, ukikata upande mwingine unajilegeza. Baada ya miaka mingi ya kujikunja, shaba hupasuka. Mwanzoni ncha zilizopasuka bado hugusana usukani ukiwa katika pembe fulani, ndiyo maana vitufe vyako viliitikia pale getini. Baadaye huachana moja kwa moja. Kitufe kichafu hakiwezi kuzima honi, na redio mbovu haiwezi kuwasha taa ya mfuko wa hewa.

Shangazi Zuhura: Kaka, hapo kwenye mfuko wa hewa umenitia wasiwasi. Rehema anawapeleka watoto shule kila asubuhi kwa gari hilo. Je, ni salama?

Mjomba Athumani: Zuhura, swali lako ndilo kubwa kuliko la redio. Taa hiyo ikibaki inawaka, kompyuta ya mfumo huo imeona kasoro, na ikiwa waya wa mfuko wa dereva umekatika ndani ya kebo, basi siku ya ajali mfuko huo hautafunguka. Mkanda bado unafanya kazi yake, nao ndio kinga ya kwanza, lakini mfuko ulitengenezwa kusaidiana na mkanda. Ningependa Rehema apunguze matumizi ya gari hilo mpaka litengenezwe, na asisafiri nalo safari ndefu.

Baba Mdogo: Niliwahi kusikia kwamba taa hiyo inaweza kuzimwa kwa gharama ndogo bila kubadilisha kifaa. Je, ni kweli?

Mjomba Athumani: Ni kweli kwamba wapo wanaofanya hivyo, na nalipinga jambo hilo kwa nguvu zangu zote. Huweka rezista, yaani kijisehemu kinachozuia umeme kwa kiasi fulani, mahali pa mfuko wa hewa ili kompyuta idhani kwamba mfuko upo na ni mzima, au hung'oa balbu ya taa kwenye dashibodi. Mwenye gari huondoka amefurahi, na anayelinunua baada yake hajui kwamba mbele ya kifua chake hakuna kitu. Fundi yeyote atakayekupendekezea hayo, Rehema, mchukulie funguo zako uondoke.

Rehema: Nimeelewa, Mjomba. Je, ninawezaje kuwa na uhakika kwamba ni kebo, kabla sijaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kutafuta nyingine?

Mjomba Athumani: Kwa kupima. Anza na fyuzi ya honi, kwa sababu kuitazama hakugharimu kitu, ingawa fyuzi ya honi isingewasha ile taa nyekundu. Baada ya hapo kazi ni ya fundi umeme wa magari mwenye multimita, yaani mita ya kupimia umeme, naye azingatie haya bila kuruka hata moja. Magurudumu ya mbele yawe yamenyooka. Swichi izimwe, waya wa terminali hasi ya betri utolewe, kisha asubiri. Toyota wanaagiza angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta ya mfuko wa hewa huhifadhi umeme wa akiba hata baada ya betri kukatwa. Mfuko ukishatolewa ulazwe sehemu salama, upande wenye kifuniko ukitazama juu, pasiwe na kitu juu yake. Plagi za njano ni za mfuko wa hewa, na mita isiguse njano hata kwa bahati mbaya, kwa kuwa umeme mdogo wa mita ya kawaida unaweza kuulipua.

Vitufe vyenyewe vina siri ambayo mafundi wengi hawaijali. Gari halipeleki waya mmoja kwa kila kitufe. Waya mmoja au miwili hubeba habari za vitufe vyote, na kila kitufe kina rezista yenye thamani yake. Redio hupeleka volti chache, hutazama zimeshuka kiasi gani, na kwa hapo hujua kitufe kipi kimebonyezwa. Kwenye Toyota nyingi, waya wa kwanza husoma takriban omu 100,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) pasipo kubonyezwa kitu, karibu sifuri kwa kusogeza wimbo mbele, 329 kwa kurudisha nyuma, 1,000 kwa kuongeza sauti na 3,110 kwa kupunguza. Kampuni nyingine zina thamani zao, lakini utaratibu ni huo. Achomoe plagi ya vitufe, apime upande wa vitufe, abonyeze kimoja kimoja. Namba zikiwa tofauti, thabiti, na zikijirudia kila akibonyeza, vitufe ni vizima. Hapo apime kebo, waya kwa waya wa vitufe na honi, kutoka plagi ya juu hadi plagi ya chini. Waya usiopitisha ndio ushahidi wenu.

Salum: Mjomba, kumbe ndiyo maana gari la rafiki yangu ukibonyeza kuongeza sauti, sauti inapungua?

Mjomba Athumani: Umepatia kabisa, Salum. Uchafu kwenye kitufe ni rezista ya ziada. Kitufe cha omu 1,000 kikiongezewa omu 2,000 za kutu au sukari, redio husoma kitu kinachokaribia 3,110 na hutii amri ambayo hukuitoa. Ukiona dalili ya aina hiyo, yaani kitufe kinafanya kazi ya mwenzake, hapo ushauri wa Baba Mdogo ndio wenye haki: kifunguliwe, kisafishwe kwa spiriti safi au dawa maalumu ya kusafishia swichi, kikauke vizuri kabla ya kurudishwa. Mafuta ya kulainishia nati zenye kutu yasitumike humo, kwa sababu huacha utando unaonasa vumbi.

Salum: Sasa mimi, ambaye honi yangu inalia, taa nyekundu inazima, na vitufe havijawahi kufanya kazi tangu redio ibadilishwe?

Mjomba Athumani: Kwako kebo na vitufe huenda ni vizima. Aliyekufungia redio ameunganisha umeme na spika akaishia hapo. Nyuma ya redio nyingi za Android kuna nyaya mbili zilizoandikwa KEY1 na KEY2. Mwambie fundi aitoe redio, akupigie picha nyaya hizo, ututumie hapa.

Salum: [Picha] Zimefungwa kwa utepe mweusi na hazijaunganishwa popote.

Mjomba Athumani: Ndivyo nilivyotarajia. Zinatakiwa kuungana na nyaya za vitufe zilizokuwa kwenye plagi ya redio ya zamani, na waya wa tatu wa vitufe uende kwenye erthi ya redio. Zitafutwe kwa mchoro wa gari lako au kwa multimita, waya ambao thamani yake inabadilika unapobonyeza vitufe. Zisibahatishwe kwa rangi, maana kugusisha waya wa umeme wa betri na KEY1 kunaweza kuiunguza redio. Zikishaunganishwa, ingia kwenye mipangilio ya usukani, shikilia kitufe kimoja, kichagulie kazi yake kwenye redio, uendelee hadi cha mwisho, kisha uhifadhi. Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, hutuma amri za vitufe kwa mtandao wa kompyuta za gari badala ya rezista, na hayo huhitaji kisanduku cha kutafsiri. Lakini la kwako ni la Kijapani la zamani kidogo, sitarajii hivyo.

Rehema: Mjomba, nipo gereji na fundi umeme uliyeniagiza. Amesubiri kabla ya kugusa kitu, kama ulivyosema. Vitufe vimesoma vizuri, kila kimoja na namba yake, isipokuwa cha kupokea simu ambacho namba yake inarukaruka. Kwenye kebo, waya wa honi na mmoja wa vitufe havipitishi kabisa. Dukani kuna kebo mpya na kuna iliyotumika kutoka Japani ambayo bei yake ni ndogo sana. Nichukue ipi?

Mjomba Athumani: Ningechukua mpya. Iliyotumika imekwisha kujikunja miaka mingi kama hiyo iliyokatika, na ikiwa aliyeing'oa hakuifunga, imezungukazunguka kwenye sanduku la duka na hakuna ajuaye utepe wake umekaaje. Yoyote utakayochukua, namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye kasha ifanane na ya zamani, na idadi ya plagi ilingane. Kama gari lako lina sensa ya pembe ya usukani kwenye kasha hilo, asiiharibu wakati wa kuhamisha. Mpya huja na kizuizi kinachoishika katikati. Kisitolewe mpaka kebo imekaa mahali pake.

Mwambie pia aweke alama kwenye shafti na kwenye usukani kabla ya kuuchomoa, ili urudi ulivyokuwa. Kama kizuizi kimetoka, asifunge hivyo hivyo. Aizungushe kwa mkono polepole kinyume cha saa mpaka igome, kisha airudishe kwa mwendo wa saa mpaka alama zilizo kwenye kebo yenyewe zikutane. Kwenye Toyota nyingi ni mizunguko 2.5 hivi. Kebo ikifungwa nje ya katikati, siku utakapokata usukani hadi mwisho itakatika, na utarudi dukani na fedha nyingine.

Shangazi Zuhura: Rehema, usiondoke hapo gereji. Kaa uangalie anapofanya.

Rehema: Nimekaa hapa hapa, Shangazi.

Rehema: Amemaliza. Nilipowasha swichi, taa nyekundu imewaka kwa sekunde chache, kisha ikazima yenyewe. Honi inalia usukani ukiwa umenyooka, na inalia pia ukikatwa hadi mwisho pande zote mbili. Sauti na nyimbo zinaitikia. Kitufe cha simu bado kinasuasua.

Mjomba Athumani: Alhamdulillahi. Taa kuwaka kidogo na kuzima ndiyo tabia yake ya kawaida, hujikagua kila unapowasha. Ingekuwa haiwaki kabisa ningekuambia umtilie shaka fundi. Hicho cha simu ni uchafu, ile namba yake kurukaruka ilikuwa imeshatuambia. Kisafishwe leo leo, kwa utaratibu ule ule wa betri, maana mfuko utatolewa tena.

Baba Mdogo: Hicho sasa ni cha kwangu. Mwambie asitumie maji, na zile raba ndogo nyeusi zilizo chini ya vitufe zisichubuliwe, kwa kuwa kaboni iliyo chini yake ndiyo inayopitisha umeme.

Rehema: Anakifungua sasa hivi, Baba Mdogo. Nimemsomea maneno yako.

Salum: Na mimi nyaya zimeunganishwa. Redio imevitambua vitufe vyote isipokuwa cha kurudisha wimbo nyuma, ambacho inakiona ni sawa na cha kwenda mbele.

Mjomba Athumani: Salum, hivyo viwili vinatofautiana kwa omu 329 tu, na redio nyingine hazioni tofauti ndogo hivyo vizuri. Kwanza akaze kiungo cha erthi, ikiwezekana kwa kukichomea risasi badala ya kukisokota, kisha ufute yote kwenye mipangilio na uifundishe upya, ukianza na hicho cha kurudisha nyuma. Ikishindikana, angalia kama redio yako ina sehemu ya kuchagua kiwango cha rezista. Baadhi zinayo, na ukichagua kiwango cha chini zitavitenganisha.