Wakuu, nina grini kadi na kikesi cha zamani: nikisafiri nitarudi Marekani?

Nyotanjema (mleta uzi): Habari za jioni wanajamvi. Nipo Marekani mwaka wa tisa, grini kadi ninayo. Mama anaumwa, nataka nikamwone wiki tatu. Kuna kikesi nilikuwa nacho, kilishaisha. Uwanjani watanisumbua nikirudi?

Bintisheria: Kikesi gani?

Nyotanjema: Cha kawaida tu. Mimi nauliza safari.

Tumbili Mzee: Mpe pole mama. Mimi waliwahi kunizuia uwanjani saa sita nzima, kisa dagaa. Ofisa alifungua begi akarudi nyuma hatua tatu.

Bintisheria: Mleta uzi, kosa gani, hukumu gani?

Nyotanjema: Haya. Wizi dukani, 2019. Wakili alisema nikikiri sifungwi, nikakiri yaishe. Nilisomewa miezi 12, kifungo kikaahirishwa. Sikulala ndani hata usiku mmoja, kwa hiyo haihesabiki. Na tiketi nimeshakata.

Bintisheria: Inahesabika. Uhamiaji hawaangalii ulilala wapi, wanaangalia ulisomewa nini. Wizi wenye hukumu ya mwaka mmoja au zaidi, hata iliyoahirishwa, unaweza kuwekwa kwenye kundi la makosa mazito ya kufukuzwa nchini, na utetezi unaobaki ni mdogo sana. Ingekuwa siku 364 tungeongea mengine. Usisafiri, wala usiombe uraia, kabla hujaonana na wakili wa uhamiaji. Yule wa kwanza alikuonya kuhusu grini kadi? Tangu kesi ya Padilla, 2010, Mahakama ya Juu inamtaka wakili amwonye mteja asiye raia. Kama alinyamaza, huenda ukapata njia ya kupinga kule kukiri.

Mtumishi: Wizi ni wizi. Ulikosa nini jamani?

Nyotanjema: Ujana, mtumishi.

Kipara Ngoto: Ujana wa 2019, na kule kwenye uzi wa wazee ulisema umezaliwa 1978?

Mkata Issue: Hii chai. Mwezi jana, uzi wa pasipoti, ulituambia umeshaapa uraia. Raia anaogopaje kurudi kwao?

Tumbili Mzee: Leteni vikombe 😂

Nyotanjema: Pale nilikuwa naringa tu, watu walinichokoza. Leo ndiyo nasema kweli.

Bintisheria: Kuringa jamvini hakuna kesi. Ila kuna fomu yoyote, ya kura au ya kazi, uliyowahi kuweka tiki kwenye "raia"? Hilo peke yake linafukuzisha mtu.

Nyotanjema: Ya kazi nayo wanaiangalia?